Mchujo wa Mwezi wa Tano

Bi Rukia alifariki mwaka huu. Wanaume waliporudi kutoka makaburini walikaa nje kwenye majamvi kungoja chakula, na sisi wanawake tulikuwa ndani, dirisha moja tu likitutenganisha. Nilikuwa nimeegemea ukuta nikisikiliza, kwa sababu kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kuandika habari za watu wengine, na sikio langu halijui kupumzika hata msibani. Baada ya dua, vijana wakaanza kubishana kuhusu mpira wa Uingereza. Mmoja alikuwa na uchungu wa kweli. Timu yake, alisema, ilimaliza msimu ikiwa ya tatu katika daraja la pili, ikatolewa kwenye mchujo na timu iliyomaliza ya sita, na hiyo ya sita ndiyo iliyopanda ligi kuu. "Wameonewa," alisema. "Kazi ya mwaka mzima inachukuliwa kwa siku moja!" Ndipo sauti nyingine ikamjibu, nzito, ya mtu asiye na haraka: "Hakuonewa mtu. Waliingia wakijua."

Nikachungulia. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa msuli na kofia, fimbo yake ya ufugaji ameilaza chini kando ya viatu. Uso sikuutambua. Niliitambua mikono, mikubwa kuliko mwili wenyewe, ameiweka magotini viganja vikitazama juu kama mtu anayengoja kurushiwa kitu. Chakula kilipogawiwa akapita karibu na dirisha, akasimama. "Wewe si ndiye Redio?" akauliza. "Ndimi, Barisa." "Umenenepa." "Na wewe umezeeka." Tukacheka chinichini kwa heshima ya marehemu, naye akaenda kunawa. Hayo ndiyo yote tuliyozungumza. Nilirudi nyumbani siku ya pili na tangu hapo sijatulia. Naamka nikianza kazi hii, naiacha, naanza nyingine. Dawa pekee ninayoijua ni kuliandika jambo kwa mpangilio, lianze linapoanzia na liishe linapoishia.

Linaanzia katika hoteli ya Bi Rukia mjini Garsen, mwaka ule uliofuata mafuriko ya El Nino, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimetoka Kipini kuja kumsaidia kazi huku nikingoja nafasi ya chuo ambayo hakuna aliyejua itatokea wapi. Hoteli ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mabenchi, na nyuma yake jiko, na kati ya viwili hivyo kidirisha cha kupitishia sahani. Mto Tana ulikuwa umeingia mpaka ndani na kukaa wiki nyingi, na ulipoondoka uliacha mstari wa kahawia ukutani, usawa wa kifua changu. Bi Rukia alikataa kupaka chokaa. "Ukipaka chokaa, watu watasahau waanze kukopa tena," alisema, na mpaka leo sijui mambo hayo mawili yalihusianaje. Barabara ilikuwa imekatika, na hata ilipofunguliwa mabasi ya Malindi na ya Lamu yalikuja siku yalipotaka. Kila nilipousikia muungurumo nilitoka na mwiko mkononi kutazama nani anashuka na nani anapanda, kisha narudi kwenye mbaazi zangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliona kama dunia yote inapita njia panda ya Garsen bila kuzima injini.

Mtu wa pili wa kumjua ni Mwalimu Komora. Alikuwa Mpokomo, wa wakulima wa kando ya mto, mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa ligi ya wilaya, mwembamba, shati limefungwa kifungo cha juu kabisa. Alikuwa na redio ya masafa mafupi, na waya wa erieli aliufunga kwenye mwarubaini nje ya hoteli kwa sababu, alidai, hapo ndipo Uingereza ilipofika bila kukwaruza. Betri zake alizianika juani kama samaki. Watu wengine mjini waliposhabikia timu kubwa za ligi kuu, yeye alishabikia timu moja ya daraja la pili, ya mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, kwa sababu mkufunzi mmoja aliyemfundisha chuoni alitoka huko. Hakuwahi kuiona hata pichani. Jina lake hakulitaja. Aliiita "wale wangu". Na wale wake walikuwa na ugonjwa mmoja: kila mwaka walikaribia kupanda, na kila mwaka walikwama mlangoni.

Mwalimu alikuwa na udhaifu. Hakuweza kuisikiliza mechi ya timu yake mwenyewe. Mpira ukianza tu, alitoka akazunguka hoteli kwa nyuma, akapita penye kuni, akapita penye pipa la maji, mikono mgongoni, na kila akifika kwenye kidirisha cha jiko aliuliza, "Wamefanya nini?" Wafanyabiashara wa ng'ombe na madereva waliobaki ndani hawakukijua Kiingereza cha yule mtangazaji aliyesema kama mtu anayefukuzwa. Siku moja dereva mmoja akapiga meza: "Jamani, hakuna mtu wa kutuambia hii kelele ni ya nini?" Nikasema kutoka jikoni, bila kufikiri, "Kona. Wanapiga kona upande wa kulia." Bi Rukia akanitazama, kijiko hewani. "Basi endelea," akasema, "lakini kitunguu kisiungue." Ndivyo nilivyokuwa Redio. Jumamosi zote za mwaka ule, saa kumi na moja jioni, wanaume walikaa wakitazama kidirisha chenye moshi, na sauti yangu ikawaletea viwanja nisivyoviona, nami nikikaanga.

Ilinibidi niielewe habari ya mchujo ili niweze kuieleza, na nilipoielewa ilinikosesha raha. Katika daraja lile, timu mbili za kwanza hupanda bila maneno. Wa tatu mpaka wa sita huingizwa kwenye mchujo: nusu fainali nyumbani na ugenini, kisha fainali ya mechi moja katika uwanja mkuu wa London, na mshindi mmoja tu ndiye anayepanda. Wa tatu anaweza kuwa amemwacha wa sita mbali sana, haidhuru. Niliwaeleza wateja, na mchuuzi mmoja wa mbuzi akatikisa kichwa. "Hiyo ni dhuluma," akasema. Kijana aliyekuwa amesimama mlangoni, mrefu, mikono yake imeujaza mlango, akamjibu, "Ni dhuluma kwa wa tatu. Kwa wa sita ni rehema." Huyo alikuwa Barisa, Muorma, mwana wa mfugaji, kipa wa timu ya Garsen.

Timu ya Garsen mwaka ule ilikuwa ya tano. Mafuriko yalikuwa yameila nusu ya msimu. Viwanja vilikuwa mabwawa, ligi ilichelewa kuanza na haikuwezekana kuimaliza yote. Mkoa ulitaka timu mbili kutoka kwetu. Ya kwanza ilijulikana. Ya pili, kwa hesabu ya kawaida, ilikuwa Hewani, kijiji cha wakulima kando ya msitu wa mto. Lakini mechi nyingi zilikuwa hazijachezwa, na kila timu ilikuwa na manung'uniko yake, basi Mwalimu akaitisha kikao hotelini kwetu, akanywa chai, akasimama. "Tutafanya mchujo," akasema. "Wa pili mpaka wa tano. Kama Uingereza."

Nahodha wa Hewani aliitwa Dhadho, kijana mfupi mwenye mabega ya kulima, na alirusha kofia yake mezani. "Mwalimu, wewe ni Mpokomo mwenzangu na unanichinja mchana! Sisi wa pili. Hawa wa tano. Tumewazidi tangu mwanzo."

"Hata Uingereza ni hivyohivyo," Mwalimu akasema.

"Uingereza wamefurikwa na maji?"

"Dhadho," Barisa akasema kutoka mwisho wa benchi, "unaogopa nini? Kama nyinyi ni wa pili kweli, mtatufunga. Siku hiyo ikifika atakayeshindwa hatalalamika, awe nani."

"Utasema hivyo ukishindwa wewe?"

"Nitasema hivyo."

Dhadho akamtazama kwa muda, kisha akaichukua kofia yake. "Haya. Lini?" Mwalimu alikuwa na jibu tayari, na alilitoa kwa fahari: fainali itachezwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tano, katika uwanja usio wa mtu, wa shule moja katikati ya njia ya Garsen na Hewani. "Kwa nini Jumatatu? Jumatatu watu wako kazini," Dhadho akauliza. "Kwa sababu fainali ya mchujo huchezwa Jumatatu." "Wapi?" "Uingereza. Huko ni sikukuu." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyepinga. Sasa nikikaa na kulifikiria, ndipo ninapoona kosa lilivyopita mbele ya macho ya watu kumi na zaidi waliozaliwa kando ya mto Tana. Mwezi wa tano Uingereza jua linaanza kupendeza. Kwetu mwezi wa tano ni masika, na udongo mweusi wa bondeni ukilowa hata punda hukataa kuukanyaga. Wafugaji husubiri masika ndipo waupe mto mgongo, wapeleke ng'ombe nyanda za juu kwenye majani mapya, mbali na mbu na matope. Kila aliyekaa kwenye yale mabenchi aliyajua hayo. Ila walikuwa wametoka kuona maji mengi kuliko walivyowahi kuona, na moyoni kila mmoja aliamini kuwa mvua ya mwaka ule ilikwisha kunyesha yote.

Siku chache baadaye baba yake Barisa alikuja mjini kuuza fahali. Mzee Godana alikuwa mtu mkavu, mwenye jicho moja lililofifia, na kila akija aliacha mizigo yake kwa Bi Rukia kama wafugaji wengi walivyofanya. Alikula wali na kambare kimya mpaka sahani ikawa tupu, kisha akamwita Bi Rukia aje akae. Barisa alisimama kando. Nilikuwa nikiosha vikombe, na kidirisha kilikuwa wazi.

"Mama Rukia," mzee akasema kwa Kiswahili chake, "wewe utakuwa shahidi. Huyu kijana nataka kubaki mjini, kwa sababu ya hii mpira. Mimi iko na watoto wawili tu ya kuchunga. Sasa tumesikizana. Hii mpira yao ikienda juu, yeye atabaki, mdogo yake ataenda na mimi. Ikikaa chini, yeye atarudi kwa ng'ombe. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee wangu," Bi Rukia akasema. "Na wewe Barisa?"

"Nimekubali."

"Kubali kwa mdomo mzima. Mimi sipendi kuwa shahidi wa mtu anayenung'unika."

"Nimekubali, Bi Rukia."

Mzee akaosha mkono, akaaga. Barisa akaja kwenye kidirisha. "Redio," akasema, "wale wa Mwalimu mwaka huu watapanda?" Nikamwambia sijui, wako wa tatu, wanaweza kuingia mchujo. "Hao wa tatu sina shida nao," akasema. "Niambie wa sita hufanya nini ili washinde." Nikamjibu kwamba nilivyosikia mimi, wa sita huwa hawana la kupoteza. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Basi mimi si wa sita," akasema, akatoka.

Wiki zilizofuata hakuna aliyekaa mahali pamoja. Ilikuwa kama mji mzima unawashwa. Mvua ilikuja kwa kusitasita, siku mbili inanyesha, siku nyingi jua, na wazee wa Kiorma walikaa mbele ya maduka wakitazama magharibi na kubishana kama waondoke au wangoje. Nusu fainali zikachezwa, na Hewani wakashinda yao. Garsen walikutana na Kipini, watu wa kwetu, nami nilijikuta nimesimama pembeni ya uwanja nikishangilia kila upande kwa zamu mpaka mama mmoja akaniuliza kama nina homa. Kipini walipiga mashuti kama wanatwanga; Barisa aliyazuia yote kwa ile mikono, na Garsen wakapita kwa bao moja. Mchezaji mmoja wa Kipini alimwambia mwisho wa mechi, "Wewe si kipa, wewe ni ukuta wa boma." Huko Uingereza wale wangu, maana sasa hata mimi niliwaita hivyo, walishinda nusu fainali yao, na Mwalimu alipoipata habari kwenye kidirisha alikaa juu ya gogo la kuni akashika kichwa. "Mungu wangu," akasema, "sasa lazima tuteseke mpaka mwisho." Fainali mbili, siku moja. Yetu saa tisa alasiri, yao saa kumi na moja. Alikuwa amezipanga hivyo makusudi.

Masika ilianza Ijumaa ya kabla yake. Haikusitasita tena. Jumamosi familia za wafugaji zilianza kuondoka, na pamoja nao wakaenda wachezaji wawili wa Garsen, ndugu, bila kumuaga mtu. Ng'ombe hawakuwa wa kungoja. Mzee Godana alituma neno kwamba yeye ataondoka Jumatatu jioni, baada ya mpira, maana alikuwa ametoa ahadi. Jumatatu tukapanda lori la mifugo: wachezaji, mashabiki, mimi na Bi Rukia na masufuria ya chai aliyoagizwa kuuza uwanjani. Lori liliteleza njia nzima. "Manze, tuko tisa," kijana mmoja alisema, akihesabu vichwa mara ya pili kana kwamba mwingine angezaliwa njiani. "Mpira ni watu kumi na mmoja." "Wewe ukimbie kwa wawili," Barisa akamwambia. Alikuwa amesimama mbele kabisa, ameshika chuma, na mvua ilimpiga usoni bila yeye kupepesa.

Kati ya mambo yote niliyowahi kuyaripoti, sijaona mechi kama ile. Uwanja ulikuwa madimbwi yaliyounganishwa kwa vipande vya majani. Hewani walikuwa kumi na mmoja, wamezoea kutembea matopeni tangu utotoni, na walishambulia tangu filimbi ya kwanza. Mashabiki wao walisimama chini ya majani ya migomba waliyokuja nayo kama miavuli, wakiimba, wakiwatania Waorma: "Mmeacha ng'ombe na nani? Wanawaulizia!" Barisa aliruka, akalala, akapiga ngumi, akaufunika mpira kwa kifua ndani ya maji mpaka refa akapuliza filimbi kwa kumwonea huruma. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Wakati wa mapumziko nilimpelekea chai. Meno yake yalikuwa yakigongana. "Baba yuko wapi?" akauliza. Nikamwonyesha: Mzee Godana alikuwa amesimama nyuma ya goli, peke yake, shuka kichwani, jicho lake zima likimtazama mwanawe. Muda wote Barisa hakuwa amejua kuwa baba yake yuko pale, nyuma yake. Hakuwahi kumwona penye mpira.

Zilipobaki dakika chache, mlinzi wa Hewani aliufyatua mpira mrefu kutoka nyuma, mpira wa kubahatisha tu. Barisa akautazama, akakadiria pale utakapodundia, akatoka golini kwenda kuudaka. Katika uwanja mkavu angeudaka akiwa amefumba macho. Ulianguka ndani ya dimbwi na ukakwama hapohapo, haukudunda hata kidogo, kama embe lililoanguka. Yeye alikuwa bado hajafika, ameinua mikono kuupokea mpira ambao hauji. Dhadho akafika kwanza. Hakuupiga kwa nguvu; aliuchota kwa mguu kutoka majini, ukapita pembeni ya Barisa, ukaviringika taratibu mpaka wavuni, mbele ya Mzee Godana, aliyekuwa amehamia nyuma ya goli hilo. Baada ya hapo sikumbuki chochote isipokuwa filimbi ya mwisho na majani ya migomba yakirushwa juu. Dhadho alikuja kumpa mkono. Barisa akaupokea. "Hongera," akasema, na kama alivyoahidi, hakuongeza neno.

Tulipofika Garsen redio ilikuwa imeshawashwa na fainali ya Uingereza imepamba moto. Wanaume walioloa walijazana kwenye mabenchi, mvuke ukiwatoka mgongoni, wakaanza kuniita kabla sijaweka sufuria chini. "Redio! Redio! Nani anaongoza?" Nikasimama penye kidirisha nikatega sikio. Wale wangu walikuwa wamefunga, wakarudishiwa, wakafunga tena, wakarudishiwa tena. Mwalimu alikuwa nje mvuani, akizunguka, katibu mzima amelowa kama kifaranga. Nami nikawa nawatangazia wanaume kwa mdomo, huku masikio yangu yakiwa nyuma yangu, kwenye mlango wa jiko, kwa sababu hapo ndipo Mzee Godana alipokuwa ameingia, na mwanawe nyuma yake.

"Mama Rukia," mzee akasema, "wewe ambia hii kijana. Mimi nasema abaki. Yeye nakataa."

"Abaki vipi? Si mliandikiana kwa mdomo, na mimi shahidi?"

"Mimi sikujua hii mpira iko namna hii. Nilifikiri wanacheza, wanarudia, wanarudia, mpaka Mungu aonyeshe. Leo nimeona kwa macho. Mwaka mzima, halafu mpira inaanguka kwa maji, basi, imekwisha? Hata mimi sihukumu mbuzi namna hiyo." Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Na huyu alikuwa na nguvu. Nimemwona. Abaki. Mdogo yake ataenda na mimi."

"Wanapiga penalti!" nikawaambia wanaume, na chumba kizima kikavuta pumzi. "Wa kwanza amefunga."

"Umesikia baba yako," Bi Rukia alikuwa akisema. "Njoo ukae, mwanangu, unywe chai. Bahati kama hii haiji kwa mtu mara mbili."

"Sitaki bahati," Barisa akasema. "Bi Rukia, sisi tulikuwa wa tano. Hewani waliacha haki yao kwa sababu mimi nilisema mbele yao, hapa, siku moja itaamua. Sasa nimeshindwa, nibaki vilevile kama aliyeshinda? Basi tulikuwa tunawachezea watu."

"Nani atajua?" mzee akauliza.

"Baba, mimi."

Mbele yangu wanaume walikuwa wakipiga meza. "Redio! Amefunga? Redio!" Sikuwa nimesikia. Kwa mara ya kwanza mwaka ule mtangazaji alisema na mimi sikumtafsiri. Nilipogeuka, mlango wa jiko ulikuwa wazi, mvua ikiingia, na Bi Rukia amesimama na kikombe kilichojaa mkononi, hajui amkabidhi nani. Nilitaka kukimbia nje. Nilichotaka kumwambia Barisa sikukijua wakati ule, au, nikiwa mkweli, nilikijua vizuri sana. Lakini chumba kizima kilikuwa kikinisubiri, basi nikaikaribia redio tena nikawapa wanaume haki yao: mkwaju kwa mkwaju, mpaka wa mwisho, ambao kipa aliudaka. Wale wangu hawakupanda. Mwalimu alipokuja kwenye kidirisha alinisoma usoni kabla ya kuuliza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, jambo ambalo halikusaidia. "Na Barisa?" akasema. Nikamwambia ameondoka na ng'ombe. "Kwa sababu ya tarehe yangu," akasema, na hakuna aliyembishia.

Asubuhi yake, kabla chai haijachemka, Dhadho akaingia hotelini, matope mpaka magotini. Alimtaka Barisa. Hewani walikuwa wanaenda ligi ya mkoa, akasema, na kipa wao alikuwa mtu mzuri lakini mpira wa kona ulimtia hofu kuliko mamba. Walikuwa wamekaa kikao usiku kucha, wakulima watupu, wakakubaliana wamwombe yule Muorma. "Umechelewa, mwanangu," Bi Rukia akamwambia. "Wametoka jana." Dhadho akasimama akifikiri, akauliza walishika njia ipi, akaonyeshwa, akatia mahamri mawili mfukoni na kuondoka kwa miguu kuelekea upande ule wa nyanda. Nilimtazama kutoka mlangoni mpaka mvua ikamfuta.

Aliporudi juma lilikuwa limekaribia kwisha. Nyayo zilikuwa zimemchanika, na alikaa kwenye benchi, Bi Rukia akamwekea wali. Basi la Malindi lilikuwa limesimama nje na injini inanguruma, nami kwa mara ya kwanza sikutoka kulitazama.

"Umempata?" nikamuuliza.

"Nimempata. Mkaidi yule! Kanikalisha, kanipa maziwa, kaniuliza mpunga wetu umesimama vipi baada ya maji. Nikamwambia, Barisa, nimekuja kukuchukua, hakuna atakayekucheka. Akaniambia, 'Mwaka huu nimeshindwa, Dhadho. Niacheni nishindwe.'"

"Na mwakani?" Bi Rukia akauliza.

Dhadho akatafuna, akameza, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akatabasamu.

"Hata hilo nilimuuliza. Akasema mwakani yumo, ila kwa sharti moja. Mkipanga fainali, Mwalimu atoke nje atazame mawingu kwanza, ndipo aje asikilize redio."